Nilikuza ubao wangu mara tatu, mbona umevunjika kwa lita 14?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi simu huku Kisauni. Sayansi ya darasani niliishia kidato cha nne, lakini sijaiacha. Nilikata kipande cha ile stairofomu nyeupe ya kufungia TV: urefu sentimita 60, upana 10, unene 2. Nikakilaza juu ya stuli mbili zilizoachana nusu mita, nikaning'iniza kopo katikati, nikatia maji kidogo kidogo. Kilivunjika kwa lita moja tu. Kingine kama hicho nikakibandika manila juu na chini kwa gundi nyeupe ya mbao, na hicho kikabeba lita 5! Kipande kitupu kilikuwa na gramu 22, chenye manila gramu 50. Nikaona nimeshika siri. Nikanunua stairofomu kubwa, nikatengeneza ubao uliozidi kila upande mara tatu: urefu mita 1.8, upana sentimita 30, unene 6, stuli zikiachana mita moja na nusu. Tatu mara tatu mara tatu ni 27, kwa hivyo nilitarajia lita 135. Mtungi wa lita 20 haukujaa. Kwenye lita 14 manila ya juu ilijikunja mkunjo mmoja, tap, ubao ukakatika. Kipande kingine kidogo nilikiacha na lita mbili na nusu usiku kucha, asubuhi nikakikuta kimebonyea kama machela. Fundi seremala jirani yangu anacheka, anasema kitu chepesi hakiwezi kuwa na nguvu. Nataka kutengeneza kidaraja cha kuvukia mtaro ulio mbele ya nyumba yetu, ambao mama huuvuka kila alfajiri na meza yake na karai la mahamri. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kabla ya lolote nikwambie hili: vipimo vyako viko sawa. Kilichokupoteza ni ile 27. Wanafunzi wengi huniletea kinyume chake, hesabu safi na vipimo vya kubuni, kwa hivyo umeanza pazuri. Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini ubao mkubwa haukubeba ulivyotarajia, kwa nini mdogo ulilegea usiku, na kama mama anaweza kuupita. La mwisho nitalijibu mwisho, na usitengeneze kidaraja kabla hujafika huko.

Tuanze na jirani yako, maana wanaoamini kama yeye ni wengi. Yeye mwenyewe anaishi kwa kitu chepesi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 hivi, alumini 2,700, na msonobari wa kawaida kama 500. Chukua bao la chuma na bao la msonobari, urefu mmoja, upana mmoja, uzito mmoja. La msonobari litakuwa nene mara 15 hivi. Chuma kwa asili yake ni kikakamavu mara 20 kuliko mbao hiyo, ni kweli, lakini ukakamavu wa kitu kinachopinda hukua kwa unene mara unene mara unene. Fanya hesabu hiyo na utaona bao la msonobari ni gumu kupinda zaidi ya mara 100 kuliko bao la chuma la uzito ule ule. Waingereza waliitumia siri hii kwenye ndege ya kivita ya de Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940: kiwiliwili chake kilikuwa plaiwudi nyembamba nje na ndani, na katikati balsa, mti mwepesi mno kutoka Amerika ya Kusini. Ulichokiweka wewe juu ya stuli ni binamu wa ubavu wa ndege hiyo. Wahandisi hukiita sandwichi, na ndilo jina lake hasa.

Sasa ifanyaje kazi? Nunua boflo, liache lilale, kesho yake lishike ncha mbili ulipinde taratibu kama unayetaka kulivunja. Tazama ubavuni. Juu ganda linasongamana na kujikunja. Chini linanyooka mpaka linapasuka. Katikati, kwenye kimo cha nusu ya boflo, hakuna kinachosongwa wala kuvutwa. Pale nyama ya mkate imekaa tu. Kila kitu kinachopinda hufanya hivyo, iwe boriti la darini, mlingoti au mfupa wa paja: juu kunabanwa, chini kunavutwa, na kazi nzito iko kwenye ngozi mbili za nje. Ukiweka mali yako nzuri katikati umeizika bure. Ukiiweka nje, kila gramu inafanya kazi.

Ndiyo sababu manila yako ilileta mwujiza ule. Uzito uliongezeka kidogo zaidi ya maradufu, kutoka gramu 22 hadi 50, nguvu ikapanda mara tano. Stairofomu haikupata nguvu yoyote mpya. Ilibadilishiwa kazi. Ilipokuwa peke yake ilibidi ibanwe juu na kuvutwa chini, na kuvutwa haikuweza. Ulipoibandika, kubanwa na kuvutwa kukahamia kwenye karatasi, na stairofomu ikabaki na kazi mbili: kuziweka karatasi hizo mbali moja na nyingine, na kuzizuia zisiteleze kila moja kwa njia yake. Umbali huo ndio mtaji. Chukua rula ya plastiki yenye upana wa sentimita 3 na unene wa milimita 3, ipinde ikiwa imelala, kisha jaribu kuipinda ikiwa imesimama kwa ubavu. Plastiki ni ile ile, lakini ikisimama ni ngumu kupinda mara 100.

Twende kwenye lita 14 zako. Mzigo unaoweza kuwekwa katikati ya ubao kama wako, kwa kadiri ya karatasi, unategemea vitu vitano: nguvu ya karatasi, unene wa karatasi, unene wa stairofomu, upana wa ubao, na umbali kati ya stuli. Vinne vya kwanza vinazidisha, cha mwisho kinagawanya. Sasa tazama ulivyofanya. Upana uliuzidisha kwa tatu: mara tatu. Unene wa stairofomu mara tatu: tumefika tisa. Umbali wa stuli nao mara tatu, lakini huo unagawanya, maana mzigo ukiwa mbali na nguzo unapata mkono mrefu wa kuupinda ubao: tumerudi tatu. Na karatasi je? Umeniambia umekuza kila kitu, lakini hukusema umebandika manila tatu tatu. Nabahatisha kwamba uliweka moja juu na moja chini, kama mwanzo. Basi hesabu inaishia tatu: lita 5 mara tatu ni 15. Wewe umepata 14, na mtungi mtupu wenyewe unakaribia kilo moja. Sijawahi kuona jaribio la nyumbani likilenga karibu namna hiyo.

Na kama ungebandika manila tatu kila upande? Ungepata mara tisa, lita 45 hivi. Hata hapo 27 haipo, na haitakuwepo kamwe. Namba hiyo ni ya ujazo, na kwa hiyo ni ya uzito: kitu kikikuzwa mara tatu kila upande, uzito wake ndio unaokua mara 27. Nguvu inakua mara tisa tu. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638, na mafundi wa pwani hii walilijua kwa mikono yao. Nenda Mji wa Kale hapa Mombasa, ingia nyumba yoyote ya zamani, utazame vyumba: virefu, lakini vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana. Dari limelala juu ya maboriti ya mikoko, na juu ya maboriti kuna matumbawe na chokaa, mzigo mzito hasa. Aliyetaka chumba kipana hakuweza tu kutafuta boriti refu zaidi, kwa sababu kila shubiri ya urefu ilimwongezea uzito wa dari na papo hapo ikampunguzia nguvu ya boriti. Kwa hivyo chumba kikarefushwa upande mwingine.

Umetaja mkunjo wa juu, na nimefurahi kwamba uliutazama badala ya kutazama maji tu. Karatasi ikivutwa ni hodari. Ikisukumwa kutoka ncha hadi ncha hukunjamana, na kinachoizuia ni stairofomu iliyogandishwa nyuma yake, kama ukuta unaomshika mlevi. Mahali gundi iliporuka, au palipokuwa na chembe iliyong'oka, ukuta haupo, na mkunjo unaanzia hapo hapo. Kamba hukatikia pembamba. Jaribu kubandika manila mbili juu na moja chini, na utaona mzigo ukipanda bila kugusa upande wa chini. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: karatasi ina mwelekeo kama mbao. Nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja tangu kiwandani. Chana kipande kwa mkono kwa urefu na kingine kwa upana. Upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio uendako nyuzi. Nyuzi hizo zifuate urefu wa ubao. Ukizilaza kukingama upana wa ubao, umetupa sehemu kubwa ya nguvu kwa uzito ule ule.

Na chini ya kamba ya mtungi weka kijibao. Kamba nyembamba inaisaga stairofomu mahali pamoja, kisha unadhani umepima kupinda kumbe umepima kubonyeza. Kila aina tengeneza vipande vitatu, usipime kimoja, na andika kilivunjikia wapi na kwa namna gani. Halafu stairofomu uikatie ndani ya chumba, na uzoe zile chembe nyeupe. Zikiingia mtaroni zinaishia baharini, na samaki wetu wanazo za kutosha.

Machela yako ya usiku sasa. Hapa hukukosea kitu, uligundua kitu. Nusu ya mzigo unaovunja, ukiachwa usiku kucha, umetosha kuuharibu ubao. Stairofomu ni plastiki, na plastiki ikielemewa kwa muda huendelea kulegea polepole, hata kama mzigo hauongezeki. Gundi nyeupe ya mbao nayo hulegea hivyo hivyo, na unyevu huizidishia. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na usiku wa Mombasa unaujua: chumvi kwenye kikopo inaganda, sembuse manila. Kwa hiyo lita 5 ni jibu la dakika tano. Jibu la mwezi mzima ni dogo zaidi, na kwa vitu vya namna hii mimi mwenyewe singeacha mzigo unaopita robo ya ule unaovunja.

Ukitaka kuachana na karatasi, bandika plaiwudi ya milimita 3. Lakini angalia gundi, maana hapa ndipo watu wanapolia. Gundi ya fundi viatu itaila stairofomu mbele ya macho yako. Petroli pia. Utomvu wa poliesta, ule wa mafundi wa faibaglasi wanaotengeneza maboti, nao unaiyeyusha ikabaki shimo. Epoksi haiidhuru, ila bei yake utaisikia. Gundi nyeupe inafaa pale maji yake yanapoweza kutoka kupitia karatasi au mbao. Ukibandika nayo bati au plastiki pande zote mbili, wiki mbili baadaye bado itakuwa mbichi ndani.

Tumefika kwenye mtaro. Nimepiga hesabu ya ubao wako mkubwa ukiwa na plaiwudi ya milimita 3 juu na chini, gundi nzuri, kila kitu kikienda vizuri. Kwa muda mfupi, mzigo wa katikati unafika karibu kilo 290. Najua umetabasamu. Subiri. Mtu wa kilo 80 akikanyaga ghafla, ubao unahisi kama kilo 160. Wakipishana wawili, tumefika kikomo. Kwenye mzigo huo plaiwudi na stairofomu zote ziko ukingoni, na stairofomu inaweza kukatika kwa ndani, kimshazari, karibu na nguzo. Mbao hulia kabla ya kuvunjika, stairofomu haikuonyi. Tena kisigino cha mtu kina eneo dogo, sentimita 25 za mraba hivi, na uzito wake wote ukitua hapo unaipita stairofomu ya kawaida kwa mara tatu. Ngozi nyembamba itabonyea, gundi itabanduka chini yake, na siku nyingine mkunjo utaanzia pale pale. Ongeza mvua, jua la mchana, panya wanaopenda kuchimba humo, na mtoto mmoja mwenye kiberiti, kwa kuwa stairofomu inashika moto upesi na moshi wake ni mbaya.

Sasa linganisha na mbao ya inchi 12 kwa 2 ya jirani yako anayecheka. Kwa urefu ule ule ina kilo 14 hivi, na ikiwa nzima haina fundo kubwa, inavunjika karibu na kilo 1,000. Ubao wako ungekuwa na kilo tatu. Umeokoa kilo 11, lakini za nini? Daraja halibebwi. Likishawekwa limewekwa. Wepesi ni bidhaa ghali, unailipa kwa gundi, kwa kazi, kwa hofu ya kisigino na ya panya, na hapo mtaroni hakuna anayeihitaji. Kwa hiyo jibu langu ni hapana: usimpitishe mama wala mtu mwingine juu yake, hata kwa majaribio. Weka mbao nene mbili zilizofungwa pamoja kwa sasa, ziwe na mkono wa kushikia, kisha fuatilia slabu ya zege yenye nondo. Mtaro wa barabarani mara nyingi ni wa kaunti, kwa hivyo pitia ofisi ya wadi kwanza, na slabu ichorwe na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Nondo zikiwekwa juu badala ya chini, slabu nzima inakuwa boflo; sasa wewe unajua kwa nini.

Kwa majaribio yenyewe, usiishie stuli. Panda hadi Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, uulize idara za uhandisi wa ujenzi au wa mitambo kama kuna fundi wa maabara atakayekuruhusu kutazama mashine ya kupimia ikivunja vipande vyako. Nenda na vitatu vilivyo sawa na daftari lako lenye zile lita. Mtu anayekuja na daftari husikilizwa.

Halafu kuna jambo umelitaja kwa haraka mno ukalipita. Umesema mama huvuka na meza. Kila alfajiri anaibeba kwenda, na kila asubuhi anaibeba kurudi. Meza hiyo ina uzito gani? Kama ni ya mbao tupu, uso wake peke yake unaweza kupita kilo 10. Uso wa sandwichi, stairofomu ya sentimita 3 kati ya plaiwudi mbili za milimita 3, urefu wa mita moja, upana wa nusu mita, hauzidi kilo tano hata ukihesabu fremu ya fito na gundi. Fito hizo zipite pembeni kote, ili kingo zisibonyee na maji yasiingie, na miguu ifungwe kwenye fito, isifungwe kwenye stairofomu. Karai la moto lisikae juu yake moja kwa moja, maana stairofomu huanza kulainika kabla ya maji kuchemka. Weka kigae au kibao chini ya karai. Ukimaliza, ipindue juu ya stuli zako zile zile, weka ndoo mbili za mchanga katikati, ulale. Asubuhi pima imebonyea milimita ngapi, iondolee mzigo, upime tena jioni kama imerudi. Niandikie namba hizo mbili kabla hujampa mama.